Pikipiki Iliyoitwa Padiri

Vijana wa Kasha, mtaa wetu hapa Bukavu, ninyi mnaopiga honi mbele ya mlango wangu kana kwamba barabara mlirithi kwa baba zenu, zimeni kidogo mnisikilize. Juzi mmoja wenu, motari wa kofia nyekundu anayebeba abiria hapa mtaani, alimkuta Sifa, binti wa rafiki yangu, kwenye ua wangu akipiga kiki pikipiki yake nyeusi. Asubuhi ilikuwa ya baridi, na ile pikipiki si ya kuamka haraka. Motari akacheka, akamwambia, "Dada, hii chuma uko nayo bado juu ya nini? Si uiuzishe, ununue mupya? Unabonyeza tu kidole, inawaka." Sifa alipiga kiki nyingine, injini ikaitika, akaenda zake kazini.

Mimi ndiye niliyetaka kujibu, na maneno makali yalikuwa tayari mdomoni. Niliyameza kwa sababu mama wa yule kijana ni jirani mwema. Sasa nimeacha kazi, mikono inatetemeka, spana siwezi tena kuikaza. Nimeona afadhali nimjibu kwa maandishi, na ninyi wengine msome, maana najua swali lake ni lenu wote.

Kwanza mambo ya kazi, kwa sababu hamyajui. Msinikasirikie. Ninyi mnajua kubadilisha: kitu kikiharibika mnatoa, mnatupa, mnaweka kipya. Sisi tulikuwa tunafufua. Zile pikipiki za zamani zilitengenezwa na watu waliojua kwamba siku moja zitafika mahali pasipo na duka. Kila kilichomo ndani yake unaweza kukiona kwa macho na kukigusa kwa kidole, na ukiwa na akili na subira unaweza kukitengeneza upya. Wakati wa vita, gasketi tulizikata katika majalada ya madaftari ya shule. Mipira ya ndani ilipokosekana tulijaza matairi majani makavu ya migomba, tukayashindilia kwa mti mpaka mikono ikatoka malengelenge. Ukipanda pikipiki ya namna hiyo, meno yanagongana toka Bagira mpaka mjini, lakini unafika.

Petroli ya chupa ya barabarani usiiamini. Dondosha tone kwenye kiganja, ulipulizie. Likikauka upesi na kukuachia baridi, hiyo ni petroli. Likikuachia ngozi inayoteleza, wamechanganya na mafuta ya taa. Likibaki pale pale linakutazama, hayo ni maji, na aliyekuuzia amekwisha toroka, yuko njiani kwenda Minova. Na bolti iliyoshikwa na kutu usiitukane wala usiipige nyundo. Itie mafuta ya taa, uende ule, uende misa, ulale, urudi. Nimeona wanaume wenye misuli wakikata bolti kwa hasira halafu wakaja kwangu na uso wa kondoo. Haraka haraka haina baraka, na kwenye kutu haina hata bolti.

Mwalimu wangu alikuwa Muzee Kabika, fundi wa zamani wa gereji ya mapadri. Alikuwa mfupi, mkali, mpenda pombe ya kasiksi, na hakuwahi kumsifu mtu yeyote aliye hai. Nilipoingia kwake sikuruhusiwa kugusa chochote kwa muda mrefu. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye jiwe kando ya barabara, macho yamefungwa kwa kitambaa, na kusema kila pikipiki inayopita ni ya nani.

"Ile ni ya katekista," nilikuwa nikisema.

"Pikipiki njo ya katekista. Lakini juu yake nani?"

"Katekista."

"Uko kiziwi? Sikia ginsi anashika gazi! Ule ni ndugu yake, ule mwenye haraka. Pikipiki iko na sauti yake, na mukono ya muntu iko na sauti yake. Sikia byote bibili."

Nilikosea sana. Siku moja nilimtangazia mke wa katekista kwamba mumewe anapanda mlima, akasonga bugali, akakaanga dagaa wa sambaza, kumbe aliyekuja kula ni yule shemeji. Muzee Kabika alicheka mpaka akalala chini. Mimi niliona ananidhalilisha. Baadaye sana ndipo nilielewa kwamba hakuna alichonifundisha kizuri kuliko kule kusikia mkono wa mtu, na hakuna kilichoniumiza zaidi.

Sasa niwaambie habari za Padiri.

Padiri si mtu. Ndiyo hiyo pikipiki nyeusi ya Sifa. Ni ya Kijerumani, ya silinda moja, na ilikuwa mali ya mapadri kabla hawajaletewa gari. Ilipokufa waliitupa nyuma ya stoo, kuku wakataga mayai juu ya injini. Baba yake Sifa, Papa Sifa kwetu sote, alikuwa muuguzi wa kituo cha afya, mwanamume mrefu mwenye sauti ya chini, na alikuwa anatembea kwa miguu mpaka vijiji vya upande wa Walungu akiwa amebeba sanduku la chanjo kichwani. Aliwaomba mapadri ile maiti wakampa. Mimi na yeye tuliisukuma mpaka kwa Muzee Kabika, mayai bado yamo.

Tuliifufua polepole, kipande kwa kipande. Kizibo cha sauti kwenye bomba la moshi kilikuwa kimeliwa chote na kutu, nikaishonea kingine kwa bati la kopo la mafuta ya kupikia. Kwa sababu hiyo sauti yake haikufanana na ya pikipiki nyingine yoyote ya mji huu: ilikohoa, ikanyamaza kidogo, ikakohoa tena, taratibu, kama padri mzee anayesafisha koo kabla ya mahubiri. Watoto wa Kasha ndio walioipa jina. "Padiri anapita!" walipiga kelele, na watu wazima wakazoea.

Kitu kimoja kilitusumbua hadi mwisho, nacho ni platine. Vijana wa leo hamna platine kwenye pikipiki zenu, basi niwaeleze. Ni kidude kidogo kinachoenea katikati ya kiganja, chenye ncha mbili zinazogusana na kuachana, na kila zikiachana, moto unaruka ndani ya injini. Bila hicho, pikipiki ni kiti. Ile ya Padiri ilikuwa na springi iliyokatika, na nyingine kama hiyo haikupatikana Bukavu nzima. Muzee Kabika alitazama, akaguna, akaingia nyumbani akatoka na saa yake ya mezani. Akaifungua mbele yetu, akakata utepe wa chuma uliokuwa ndani, akanipa nitengeneze springi.

"Muzee, saa yako!" Papa Sifa alishtuka.

"Ilikuwa nanionyesha tu ginsi niko nazeeka. Chukua."

Ndivyo Padiri ilivyopata moto wake. Utepe ule wa saa ulikuwa na rangi ya samawati kidogo, na ningeutambua popote.

Papa Sifa alikuwa na tabia moja. Mama yake, Koko kama tulivyokuwa tukimwita wote, aliishi chini ya mtelemko, karibu na bomba la maji. Kila asubuhi alipowasha Padiri, na kila jioni alipoizima, Papa Sifa alipiga gazi mara mbili, miungurumo miwili mifupi, kumsalimia mama yake kule chini. Asipofanya hivyo, Koko alipanda mlima na fimbo yake kuja kuuliza kama wamekosana. Tulimcheka sana kwa hilo, muuguzi mzima anayeogopa fimbo.

Halafu vita vikaja.

Sitawaeleza vita. Wenye umri wangu hawataki kusikia, na ninyi mmezaliwa ndani ya mikia yake. Nitawaeleza tu habari ya pikipiki. Askari wa kila upande walizipenda kuliko magari, kwa sababu pikipiki inapita pale gari lisipopita. Walizichukua, na mara nyingi walimchukua na mwenyewe, maana askari wengi hawakujua kuziendesha zile za zamani. Mwenyewe aliambiwa, "Panda, utupeleke kidogo tu hapo mbele." Wengi hawakurudi toka hapo mbele.

Basi sisi tukaanza kuzivunja pikipiki zetu wenyewe. Watu waliniletea mchana kweupe, nami nilizifungua kipande kwa kipande huku nikiumwa moyo, maana ni kazi niliyoifanya kwa mkono wangu ninaifumua kwa mkono ule ule. Kila kipande kilikwenda nyumba nyingine. Sharti lilikuwa moja: mwenye kuficha tangi asijue gurudumu liko wapi, ili akipigwa asiwe na la kusema. Na kile kidude cha moto, ambacho ndicho roho ya pikipiki, mwenyewe alikaa nacho mwilini. Askari akiokota vyote vingine, bado hana kitu.

Tangi la Padiri lilijazwa mbegu za maharage jikoni kwa mtu. Gurudumu moja lilipanda juu ya dari ya chumba cha kwaya. Injini ililala chini ya zizi la mbuzi. Kiti kilikwenda kwa mwalimu wa shule aliyekaa jirani na Papa Sifa. Fremu haikufichika, ilikuwa ndefu mno, wakaiacha uani wakaanika nguo juu yake. Askari mmoja aliuliza ni nini. Mwalimu akamjibu bila kupepesa macho, "Mon commandant, hii ni ya kukaushia manguo. Tunaitengenezaka hapa hapa Kasha." Askari akaisifu. Tulicheka kwa siri, na Mungu anajua tulikihitaji kicheko hicho.

Platine, Papa Sifa aliifunga katika kitambaa akaitia mfukoni.

Muda si mrefu zililetwa habari kwamba kituo cha afya cha upande wa Walungu kina majeruhi wengi na hakina mtu. Mkewe, Maman Sifa, alimsihi asiende. Mimi nami nilimsihi. Alisema, "Nikibakia, nitabakia nafanya nini? Nakausha manguo?" Akachukua sanduku lake la dawa, akaenda kwa miguu kama zamani. Alisema atarudi Jumapili. Nyuma yake mapigano yakafunga barabara, na watu wa kule wakasukumwa kuingia msituni, yeye na wagonjwa wake kati yao.

Jumapili ikapita na zingine zikafuata.

Ulipokuja utulivu, yaani ule utulivu wetu wa risasi kupungua, watu walianza kuvileta vipande vya Padiri bila kuitwa. Hilo ndilo ninalotaka mlielewe. Maman Sifa hakujua vilikuwa wapi, mumewe hakuwahi kumwambia. Walivileta wenyewe. Huyu alikuja na tangi kichwani ndani ya beseni, limefunikwa majani ya sombe. Yule alibingirisha gurudumu barabarani kama mtoto mchezoni. Yule mwalimu wa shule hakuja, kwa kuwa alipigwa risasi mlangoni pake siku mji ulipoingiwa na askari. Kiti alikileta mjane wake. Alikuwa amekipangusa kikang'aa, akaniwekea mkononi, akasema, "Bwana yangu alisemaka hii si yetu." Nililia mbele yake, nikiwa mtu mzima, na sioni haya kuliandika.

Nikaiunga Padiri uani kwa Maman Sifa, chini ya mabati. Ilikamilika yote isipokuwa platine.

Sasa, fundi kama mimi angeweza kuitengeneza nyingine. Mji ulikuwa na pikipiki nyingi zilizokufa, na saa za mezani hazikukosekana. Nilimwambia Maman Sifa. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Papa, acha."

"Itakusaidia, maman. Utaikodishia muntu, batoto batakula."

"Nimesema acha. Ile kitu iko mu mufuko yake. Ukiweka ingine, utakuwa umemuzika."

Sikurudia tena. Wengine walirudia. Shemeji zake walisema, majirani walisema, mtu mmoja mwenye cheo alitaka kuichukua jinsi ilivyo. Aliwakatalia wote. Padiri ikakaa pale kama mlango ulioachwa wazi. Mimi nilipita kila Jumamosi kuizungusha kiki bila moto, kwa sababu injini inayolala bila kuzungushwa pistoni yake inashikana, halafu hata roho ikirudi haiwezi kuingia. Vita vya pili vikaja, tukaivunja tena, tukaificha tena, na vilipolegea tukaiunga tena. Sifa, aliyekuwa mdogo wa kubebwa, sasa alikuwa anakwenda shule. Kila Jumamosi aliniuliza, "Tonton, leo itawaka?" Nilimwambia bado.

Nilikuwa na hakika amekufa. Nilizungusha ile kiki huku moyoni nikijua nazungushia marehemu. Lakini Maman Sifa hakuniuliza ninachojua, na mimi si padri wala si mganga.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, mvua imetoka tu kukatika. Nilikuwa kwenye kibanda changu nachoma buji, ile plagi ya injini, juu ya moto ili kuitoa masizi. Akaja mama mmoja mwembamba, nyayo zimepasuka, kikwembe alichojifunga kiunoni kimechakaa kabisa. Alisimama mbali kidogo.

"Samahani, Papa. Ni weye fundi mwenye anajuaka Padiri?"

"Padiri gani, maman?"

"Ile pikipiki."

Nikaweka buji chini. Alijitambulisha kwamba ni mkulima wa Walungu, ametoka msituni, ametembea pamoja na muuguzi mrefu wa Kasha. Halafu akainua pindo la kikwembe, akang'ata uzi kwa meno, akaufumua, kikamdondokea kiganjani kifurushi kidogo cha kitambaa. Sikuhitaji kukifungua. Nilikifungua hata hivyo, nikaona utepe wa saa ya Muzee Kabika, rangi yake ya samawati bado ipo.

"Homa njo ilimukamata," alisema. "Dawa yake yote alitugawia siye. Tulimuzika mu kijiji moja, karibu na mutoni, tukaweka na musalaba. Alikuwa na akili yake mpaka mwisho. Alisema nikuletee weye mbele. Alisema, usiende kwa muke yangu, enda kwa fundi, yeye atajua ginsi ya kusema."

Nilimkasirikia Papa Sifa. Ndiyo, nilimkasirikia marehemu aliyekufa akigawa dawa, kwa sababu alinitwisha mzigo ambao sikujua nitaubebaje. Mimi najua kusikiliza injini. Kusema sikufundishwa na mtu.

Nilinawa mikono, nikamchukua yule mama, tukapanda hadi kwa Maman Sifa. Njia nzima nilitunga maneno. Tulipoingia uani, alikuwa anafua. Alimtazama mgeni, akanitazama mimi, akatazama mkono wangu uliokuwa umefumba.

"Fungua mukono, Papa."

Nikafungua. Maneno yote niliyoyatunga hayakuhitajika.

Hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye maji ya sabuni, akavuta pumzi, akaitoa, akavuta tena. Mama wa Walungu alikaa kando yake akamshika bega, akamweleza yote polepole, homa, dawa, mto, msalaba. Alipomaliza, Maman Sifa aliinuka akamwita mtoto, wakaingia ndani wakafunga mlango. Nilisikia sauti ya mama, kisha kilio cha mtoto. Walipotoka, Sifa alikuwa ameshikilia sketi ya mama yake kwa mikono yote miwili.

"Weka," Maman Sifa aliniambia.

"Leo?"

"Weka, Papa. Sasa nimemuzika."

Nikapiga magoti mbele ya Padiri. Nilifungua kifuniko, nikapangusa, nikairudisha platine mahali pake, nikapima mwachano wa zile ncha mbili kwa kipande cha wembe kama Muzee Kabika alivyonifundisha. Nilikuwa na chupa ya petroli kibandani, nikamwomba mtoto wa jirani ailete.

"Ikiwaka," nikamwambia Maman Sifa, "Kasha yote itasikia. Batafikiri amerudi."

"Najua."

"Batakuja na furaha."

"Bakuye. Miye sina nguvu ya kupita nyumba kwa nyumba nikisema ile neno. Bakuye benyewe, niliseme mara moja." Akatazama kule chini ya mtelemko. "Na Koko. Nikienda kwake, akiona tu sura yangu, ataangukia pale mulangoni. Acha apande na furaha. Hii miaka yote alilia peke yake kule chini. Muache afurahi ile njia tu."

Nilipiga kiki. Ya kwanza haikuitika, wala ya pili. Iliyofuata ikakohoa, ikanyamaza kidogo, ikakohoa tena. Ile sauti, wanangu! Nilikuwa sijaisikia tangu vita vya kwanza, na nilishangaa jinsi mwili wangu ulivyofurahi kabla akili haijaukataza.

Wakaja. Nilisikia mlango ukifunguliwa hapa, mtu akiita kule. "Padiri! Padiri amerudi!" Watoto ndio waliotangulia, kisha wanawake wa kwaya, vigelegele vimewatoka tangu barabarani. Mjane wa mwalimu alikuja anakimbia bila viatu, unga wa muhogo mikononi. Kila aliyeingia uani alikuwa na kicheko, na kila aliyeingia alimtafuta Papa Sifa kwa macho, akamwona mkewe amesimama kando ya pikipiki na mama mgeni, na mimi nimeshika gazi. Vigelegele vilikatika kimoja kimoja. Maman Sifa aliwaambia kwa sauti ya kawaida, juu ya mngurumo wa injini: "Alikufaka. Mama huyu njo alimuzika." Wanawake wakaweka mikono vichwani. Mmoja akaanza kulia kwa sauti, Maman Sifa akamwinulia mkono.

"Bado. Koko iko mu njia. Asisikie kilio. Papa, usizime."

"Ni mubaya kumudanganya Koko hivi," alisema mwimbaji mmoja.

"Ni mubaya," alijibu Maman Sifa. "Papa, usizime."

Injini ya kupozwa na upepo haipendi kunguruma imesimama. Inapata joto, mafuta yanakuwa mepesi, chuma kinaanza kunuka. Nilijua ninaiumiza. Mjane wa mwalimu alichukua lungo la kupepetea mchele akasimama anaipepea, machozi yanamdondoka kwenye lungo. Petroli ilikuwa kidogo. Niliiinamisha pikipiki upande mmoja ili ile iliyobaki kwenye kona ya tangi ishuke. Watu wote wale, ua umejaa mpaka barabarani, na hakuna aliyelia. Walikuwa wameziba midomo kwa vikwembe vyao wakitazama mtelemko.

Tuliiona fimbo kwanza, kisha kitambaa cha kichwa. Koko alikuwa anapanda polepole sana, akipumzika kila mahali. Hakuinua uso mpaka alipofika uani. Watu walimfungulia njia. Hakumtazama mkwewe, hakumtazama yule mgeni. Alikuja moja kwa moja kwangu, akaweka kiganja juu ya tangi lililokuwa la moto, wala hakukiondoa.

"Nilingojea anisalimie," alisema. "Niliposikia tu inawaka, nilisimama pale ku bomba, nikangojea ile yake mbili. Hakunisalimia. Njo nikapanda hivi hivi, nikijua."

Mkono wangu uliishika ile gazi, na hata leo sijui kwa nini sikuweza kuiachilia.

"Zima, mutoto wangu," Koko akaniambia. "Nimeshafika."

Nikazima.